Kezilahabi: Mtunzi Aliyewatia Wazee Kizimbani

Leo namzungumzia mtu ambaye kitabu chake cha kwanza kiliwagombanisha walimu, mapadre, wazazi na maofisa wa elimu kabla wino haujakauka. Mwaka 1971 East African Literature Bureau ilichapisha riwaya iitwayo Rosa Mistika. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alikuwa kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka mmoja tu nyuma. Muda si muda riwaya hiyo ikapigwa marufuku shuleni Tanzania. Ilisemekana itawaharibu watoto wa kike.

Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Alisoma seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kisha akaenda Dar es Salaam. Lugha yake ya mama ilikuwa Kikerewe. Kiswahili alikikuta mbele ya safari, kama wengi wetu wa bara. Na hapa niwape Wakerewe haki yao. Kisiwa hichohicho ndicho kilichomzaa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, Kezilahabi akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Ni visiwa vichache duniani vinavyoweza kujivunia waandishi wawili wa kiwango hicho.

Sasa turudi kwa Rosa, maana ndiye chanzo cha ugomvi wote. Rosa ni binti mkubwa katika nyumba ya Zakaria na Regina, huko huko Namagondo. Zakaria ni mlevi. Kazi ya nyumba na shamba anaibeba mkewe, na kipigo pia ni cha mkewe. Lakini baba huyo ni mkali kupindukia kwa binti zake. Rosa anaandikiwa barua na mvulana, baba anajua, na adhabu inayofuata ni ya kutisha. Tangu siku hiyo binti anawaogopa wavulana hata kuwatazama. Anakua hivyo, hajui kuzungumza nao wala kuwakatalia, hajui nani anamtakia mema na nani anamvizia. Halafu anapelekwa shule ya bweni Mwanza, mbali na fimbo ya baba. Wanaume wanamkuta hana kinga yoyote. Anafika hadi chuo cha ualimu Morogoro, na wanaomwinda humo ni pamoja na watu wazima waliokabidhiwa dhamana ya kumlea. Kuna mimba na kuna kutoa mimba. Anapojaribu kutulia na kuolewa, mchumba anamwacha kwa sababu ya yaliyopita, na Rosa anajiua. Kitabu kinaishia mbinguni, binti na baba yake wakishtakiana mbele ya Mungu.

Hebu fikiria, msikilizaji, hadithi hiyo inasomwa mwaka 1971. Wasomaji wa riwaya za Kiswahili walikuwa wamelelewa na Shaaban Robert, ambaye kwake mwema hupata thawabu na mwovu hufedheheka, na mwandishi anakushika mkono mpaka ukurasa wa mwisho. Kezilahabi anakuachia mkono katikati ya njia. Tena jina la kitabu limetoka katika litania ya Bikira Maria, na mtunzi ni kijana wa seminari. Kwa Wakatoliki wengi huo ulikuwa mkuki.

Mimi nasema marufuku ile ilikuwa kosa kubwa, na iliwaumiza waliodaiwa kulindwa. Hakuna ukurasa katika Rosa Mistika unaomshawishi msichana aige maisha ya Rosa, anayeyasoma hutetemeka. Wanaobanwa ni watu wazima: baba anayedhani ukali ni malezi, mwalimu mkuu anayemtamani mwanafunzi wake, mchumba anayedai usafi ambao yeye mwenyewe hana. Hao ndio waliofika kizimbani, na watu wa umri wao na vyeo vyao ndio waliokuwa na uwezo wa kukifungia kitabu. Miaka ilipita, marufuku ikaondoka, na Rosa Mistika ikaingia katika orodha ya vitabu vya kusomwa sekondari. Vijana walioikuta huko waliifanyia mitihani, na nchi haikuzama.

Kabla vumbi hilo halijatulia, akazusha vita vingine. Mwaka 1974 alitoa diwani ya Kichomi. Tangu zamani shairi la Kiswahili lilikuwa na sheria zake: vina vya kati na vya mwisho, mizani zilizohesabiwa, na Sheikh Amri Abedi alikuwa amezipanga sheria hizo vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1954. Kezilahabi aliziweka kando, akaeleza kwamba anataka kutunga kwa lugha ya mazungumzo ya kila siku. Wanamapokeo wakamjia juu. Wakasema hayo si mashairi, ni kuiga Wazungu, na kwamba mtu wa bara hajui utamu wa utungo wa pwani. Mgogoro ule ulidumu miaka mingi. Mwaka 1988 Ibrahim Noor Shariff bado aliandika kitabu kizima, Tungo Zetu, kuutetea ushairi wa kimapokeo. Wanamapokeo nawaheshimu, kwa sababu walikuwa wanalinda hazina ya karne nyingi. Ila hazina hiyo haikupungua hata senti kwa sababu ya Kichomi. Leo mashairi ya vina na mashairi huru yanaishi nyumba moja.

Mwaka huohuo wa 1974 ikatoka Kichwamaji, hadithi ya Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayeuliza maana ya kuishi na kukosa jibu. Mwaka 1975 ikafuata Dunia Uwanja wa Fujo. Hapo aligusa siasa moja kwa moja. Tumaini, shujaa wake, analima mpaka anatajirika; ujamaa unapolifikia shamba lake, anamuua kiongozi wa serikali na kunyongwa. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi katika ugomvi wa shamba, na Mwamwindi akanyongwa. Mwaka 1979, baada ya Operesheni Vijiji kuwahamisha wananchi kwa mamilioni, ikaja Gamba la Nyoka, inayoonyesha wanakijiji wakiupinga uhamisho huo. Tamthilia yake ya Kaptula la Marx, inayowachora viongozi wakihangaika na kaptula lisilowaenea, aliiandika katika miaka hiyohiyo, lakini haikuchapishwa mpaka mwaka 1999. Miaka ishirini ndani ya saraka!

Aliyeandika hayo alikuwa mwalimu wa chuo, aliyekuwa amechambua riwaya za Shaaban Robert kwa shahada yake ya uzamili; alimfahamu vizuri mzee aliyeachana naye. Akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapata udaktari mwaka 1985 kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Aliporudi aliandika Nagona na Mzingile, vitabu vifupi vilivyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Humo hakuna kijiji unachokijua wala mpangilio wa matukio uliouzoea. Wako wanaoviona kilele chake; wako waliovifunga ukurasa wa kumi. Mimi nilivielewa niliposoma kwa sauti, polepole, nikiacha kutafuta hadithi.

Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, akafundisha huko miaka mingi. Alifariki Januari 2020. Mwaka 2025 Rosa Mistika ilitoka kwa Kiingereza, ikichapishwa na Chuo Kikuu cha Yale.

Msikilizaji, kama hujamsoma, anza na Rosa Mistika, kisha Dunia Uwanja wa Fujo, na Nagona uiache kwanza. Na kama wewe ni wa rika lile lililoisoma ikiwa bado imekatazwa, tuandikie. Tueleze nani alikuazima, uliificha wapi, na ulimsimulia nani ulipoimaliza. Barua zenu tutazisoma hapahapa, juma lijalo, saa hii hii.