Mtoto Anayebadilisha Miwani Kila Mara

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



 Najua mmekuja kusikia habari ya mbuzi wa maziwa na mizinga ya nyuki, nami sitawachelewesha. Lakini kwanza tuongee juu ya jicho. Ziko pesa za kikundi ambazo zilitumika vibaya, na mimi ndiye niliyetoa shauri.

Mwaka wa 2016 mama mmoja alileta shida yake kikundini. Mwanawe wa kidato cha kwanza haoni ubao. Kikundi kikampa mkopo, akamnunulia miwani kwa mchuuzi wa sokoni. Baada ya miezi michache kijana anasema haoni tena. Nikawaambia, mnunulieni nyingine. Akanunuliwa ya pili, halafu ya tatu. Walimu wakasema ni mvivu. Majirani wakasema kuna mkono wa mtu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema huyu kijana anachezea pesa za watu.

Kumbe alikuwa mgonjwa. Tulipompeleka kwa mpimaji macho aliyesomea kazi hiyo, yule anayeitwa optometrista, tuliambiwa ni keratokonasi. Miaka miwili ilikuwa imepita.

Sasa, keratokonasi ni nini? Mbele ya jicho kuna ngozi angavu kama kioo, inaitwa konea. Ndiyo mwanga unapopitia kwanza. Konea nzuri ni mviringo laini. Katika ugonjwa huu inakuwa nyembamba na kulegea, halafu inatokeza mbele kama pia. Vijana mnaocheza kandanda mnajua mpira ambao ngozi yake imechakaa upande mmoja. Ukiujaza upepo, pale palipo pembamba panatoa nundu. Ndivyo jicho linavyofanya. Mwanga ukipita hapo unatawanyika, na mtoto anaona herufi moja ina vivuli viwili vitatu, na taa ya usiku ina mikia.

Mara nyingi unaanza mtoto anapobalehe, unazidi kwa miaka kadhaa, kisha hupungua mwendo mtu akifika miaka thelathini au arobaini. Hushika macho yote mawili, lakini moja huwa baya kuliko jingine. Hauambukizi. Wala haukuletwa na jirani.

Sababu zake ni zaidi ya moja. Unaweza kufuata ukoo, kwa hiyo mmoja akipatikana, ndugu zake nao wapimwe. Na jambo kubwa kwetu sisi ni kusugua macho. Mnawajua wale watoto ambao macho yanawawasha kila mara, mekundu, wanayafikicha kwa ngumi kutwa nzima. Hiyo ni aleji, na kule kufikicha kunadhoofisha konea. Kwa hiyo mama usiseme tu, "Wacha kusugua!" Mpeleke apate dawa ya mwasho, na umpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi afunike macho yaliyofumbwa.

Na hapa niwaonye. Msinunue matone ya macho dukani kwa kuelekezwa na jirani. Mengine yana steroidi. Yanatuliza haraka sana, lakini yakitumiwa ovyo yanaleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Na dawa za majani msitie machoni kabisa.

Wengine watauliza, huyo optometrista anafanya nini ambacho mchuuzi wa miwani hafanyi? Mchuuzi anakupa miwani ujaribu mpaka useme hii inafaa. Optometrista anatafuta kwa nini huoni. Anamulika jicho kwa taa yake, na katika ugonjwa huu mwanga unaorudi hufunguka na kufunga kama makasi. Anapima mviringo wa konea, na mahali penye mashine kubwa wanachora ramani yake, kama vile mpima mashamba anavyochora kilima. Anamwambia mgonjwa atazame chini, na ugonjwa ukiwa umeendelea, kope ya chini inasukumwa na ile nundu. Halafu anaandika vipimo vyote. Kadi hiyo msiipoteze! Akirudi baada ya miezi michache, wanalinganisha vipimo vipya na vya zamani, na hapo ndipo wanajua kama ugonjwa unakwenda au umetulia.

Matibabu yanafuata ngazi. Mwanzoni, miwani iliyopimwa vizuri inatosha. Miwani ikishindwa, optometrista anampima lenzi ngumu, kikombe kidogo cha plastiki kinachovaliwa juu ya jicho lenyewe. Lenzi ile ni laini usoni, na machozi yanajaza nafasi iliyo chini yake, kwa hiyo mwanga unapita sawasawa. Zipo pia kubwa zaidi zinazokaa juu ya sehemu nyeupe ya jicho, na wengine huziona rahisi kuvumilia. Lenzi haiponyi, inasaidia kuona. Siku za kwanza inasumbua kama mchanga, ndiyo maana mtu anaanza kwa saa chache. Mikono ioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Lenzi isioshwe kwa maji ya mtungi wala kwa mate, na mtu asilale nayo ila ameambiwa na mtaalamu. Jicho likiwa jekundu na kuuma, iondoe, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kama vipimo vinaonyesha ugonjwa unakwenda, optometrista anamtuma mgonjwa kwa daktari wa macho. Iko tiba iliyoanzia Dresden, Ujerumani, na habari za wagonjwa wa kwanza zilichapishwa mwaka wa 2003. Jicho linatiwa matone ya vitamini B2, kisha linamulikwa kwa mwanga maalumu, na nyuzi za konea zinashikana na kukaza. Mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo. Lakini sikieni vizuri: tiba hii inazuia ugonjwa usiendelee, hairudishi yale yaliyokwisha kupotea. Ndiyo sababu nasema kuchelewa ndiko kunakotuumiza.

Ngazi ya mwisho, konea ikiwa imepata kovu au imekuwa nyembamba mno, ni kupandikiziwa konea ya mtu aliyefariki. Najua hapa watu wanaogopa. Lakini Katekisimu ya Kanisa letu, namba 2296, inasema kutoa viungo baada ya kifo ni tendo jema na la kustahili sifa. Tulizungumze nyumbani bila hofu.

Yule kijana? Jicho la kulia lilitibiwa likatulia, na kwa lenzi anasoma vizuri. La kushoto lilikuwa limechelewa. Siku moja konea ilipasuka kwa ndani, ikavimba na kuwa nyeupe, na ikaacha kovu. Kila nikimwona anageuza kichwa ili anitazame kwa jicho la kulia, nakumbuka miwani ile mitatu.

Basi, vikundi vyetu vifanye nini? Kwanza, mkopo wa miwani usitolewe bila karatasi ya mtu aliyesomea macho. Anzeni hospitali ya wilaya, muulize klinikali ofisa wa macho, naye atawatuma mbele ikibidi. Pili, mtoto akibadilisha miwani mara mbili kwa mwaka mmoja, hiyo ni dalili, msingoje ya tatu. Tatu, lenzi hupotea na huchakaa, kwa hiyo mfuko wa dharura uihesabu kama karo, inayorudi tena na tena. Kabla ya kutoa pesa, ulizeni hospitali na bima ya SHA italipa nini, msikisie. Nne, mwandikieni mwalimu barua, mtoto akae mbele na asipigwe kwa kukosa kunakili.

Na mtoto akisema haoni, tumwamini. Mimi sikumwamini.

 Sasa tuendelee na mbuzi.