Kiingilio Kimfae Mnyama

Msikilizaji, Desemba 2004 maji ya mto Sabaki yaliwasomba viboko hadi baharini karibu na Malindi, kisha tsunami ikapiga. Akaonekana ndama mmoja tu, amekwama miambani. Wavuvi na wakazi walihangaika naye kwa saa nyingi. Nyavu hafifu alizichana, ukamweza wavu wa papa. Akaitwa Owen, jina la mmoja wa waliomkamata, akapelekwa Haller Park, Bamburi, kusini mwa hapa kwetu Junju. Huko akajibanza kwa Mzee, kobe wa Aldabra aliyekisiwa kuwa na miaka 130, na wageni wakamiminika.

Wageni hao na kiingilio chao ndio hoja yangu. Kule Orlando, Marekani, bustani ya SeaWorld huokoa kasa na nguva walioumia, na mashabiki wa vigari vyake vya reli, vile vinavyopanda juu na kuporomoka kwa kasi, huona tiketi yao inasaidia. Ni kweli. Lakini ni SeaWorld hiyohiyo iliyotangaza mwaka 2016 kuacha kuzalisha nyangumi wauaji kifungoni, baada ya umma kupiga kelele.

Kwa hiyo tiketi pekee haitoshi: mnyama anayepona arudi kwao, kila inapowezekana. Watamu, Local Ocean Conservation hufanya hivyo: mvuvi hupiga simu, kasa aliyenaswa hukaguliwa, akiumwa hutibiwa, kisha huachiliwa baharini, na mvuvi hupata kifuta jasho.

Wenye bustani za pwani, bandikeni langoni: katika kila kiingilio, mnyama anapata shilingi ngapi? Nawe msikilizaji, uliza kabla hujalipa.