Sweta Huanzia kwa Mnyama

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wanafunzi wa ufumaji katika chuo cha mafunzo ya ufundi

 

Wengi wenu mnafuma sweta za shule kwa uzi wa akriliki. Hiyo ni kazi ya heshima, na msimu wa Januari huwapa wengi karo. Leo nimeombwa nizungumzie uzi ambao huenda hamjawahi kuushika: uzi wa alpaka. Mnyama huyu ni wa jamii moja na ngamia, na wengi wao wako Peru, kwenye milima ya Andes, zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2024 kwa ajili ya jamii hiyo nzima, ngamia wetu wa kaskazini wakiwemo.

Mfugaji wa Andes hukata manyoya mara moja kwa mwaka na kuyauza kwa kilo. Pesa nyingi hupatikana mbele ya safari, manyoya yakishachambuliwa, yakasokotwa, yakawa vazi. Mnamo 1836 Titus Salt wa Bradford, Uingereza, alinunua bandarini Liverpool marobota ya alpaka yaliyokosa mnunuzi. Alihangaika nayo mpaka akapata kitambaa chenye mng'aro kilichopendwa na wanawake wa wakati ule. Mwaka 1853 alifungua kiwanda kikubwa, na kando yake akajenga mji mzima, Saltaire.

Sasa tuje kwenu. Uzi wa alpaka ni laini na una joto jingi, lakini haurudi kama sufu ya kondoo. Ukiufuma kwa mshono uleule wa sweta ya shule, baada ya miezi michache mabega yanashuka na mikono inarefuka. Mbunifu anayeujua huuchanganya na sufu, hukaza mishono, au hubuni vazi ambalo hupendeza likilegea, kama shali.

Halafu kuna rangi, na hapa ndipo naomba mnisikilize zaidi. Alpaka huzaliwa weupe, kahawia, kijivu, weusi na rangi nyingi za katikati. Viwanda hupenda nyeupe kwa sababu hushika rangi yoyote. Wafugaji wakafuata soko, wakazalisha weupe, na wale wa rangi wakapungua malishoni. Kwa hiyo mwanafunzi anayebuni sweta ya kahawia isiyotiwa rangi anampa mfugaji sababu ya kumbakiza mnyama wa kahawia. Ndiyo maana wafugaji wa Marekani wameandaa mashindano ya ubunifu kwa wanafunzi: wanajua anayeuzoea uzi akiwa chuoni atauagiza akiwa kazini.

Sisi tuna kondoo. Wafugaji wa merino na corriedale katika nyanda zetu za juu nao huuza sufu ghafi kwa kilo, na sijaona sweta nyingi za shule zilizofumwa kwa sufu hiyo. Bei ya akriliki ni ya chini, sikatai. Lakini shali au kofia ya mtalii haishindani na sweta ya shule.

Mezani kuna vibonge vya sufu ya kondoo, nyeupe na kahawia. Kila mmoja afume kipande cha sentimita 10 kwa 10, akifue, akianike, kisha akipime tena. Andikeni vipimo vyote viwili. Mashine ziko wazi hadi saa kumi.