Ushirika wa Wapiga Picha
(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Union)



Huenda wengine wenu mtastaajabu kwamba katika siku ya korosho nimesimama kusema habari za wapiga picha. Ninayo sababu, nayo si ya kunipa sifa.

Miaka mitatu iliyopita tulimwita kijana mmoja, mtoto wa mwanachama wetu, atupigie picha siku ya kufungua ghala. Tukamlipa ujira wa siku moja. Baadaye tulizitia picha zake katika kalenda yetu, kisha tukampa mnunuzi mmoja, naye akazichapa katika matangazo yake. Jina la kijana halikuonekana popote. Akaja ofisini na kalenda mkononi, akaniamkia kwa adabu, akauliza haki yake iko wapi. Nilimjibu kwa ukali kwamba alikwisha kulipwa. Akasema, "Bwana Katibu, korosho mtu huila mara moja ikaisha. Picha yangu mmeila mara tatu na ingali nzima." Sikuwa na jibu. Nikamwambia arudi wiki ijayo, kama ilivyo desturi ya maofisi.

Sisi twaijua kangomba. Mtu mwenye shida hupima korosho zake kwa bakuli, usiku, kwa bei apendayo mwenye fedha. Ndiyo maana tuliupokea mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008. Mpiga picha aliye peke yake yu katika kangomba hiyo hiyo: hajui wenzake walipwa kiasi gani, hana mkataba, wala hana wa kumwuliza. Na safari hii mwenye bakuli tulikuwa sisi.

Wako wapiga picha waliolitambua jambo hili zamani. Mwaka 1947, Vita Kuu ya Pili ikiwa imekwisha juzi tu, Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, David Seymour, George Rodger na William Vandivert waliunda ushirika wao, wakauita Magnum Photos, wenye ofisi Paris na New York. Siku zile magazeti makubwa yalizoea kushika picha na haki zake zote mara yakishalipa. Ushirika ukashika kanuni nyingine: haki hubaki kwa aliyepiga, na gazeti hununua ruhusa ya kuitumia tu. Hivyo picha moja yaweza kuuzwa Ufaransa leo na Marekani kesho, na ofisi ikachukua sehemu yake ili kazi iendelee. Waligawana dunia kama sisi tunavyogawana kata. Rodger alipewa Afrika na Mashariki ya Kati, na mwaka 1949 akapiga picha mashuhuri za Wanuba wa Kordofan, nchini Sudan.

Capa alikufa kwa bomu la ardhini huko Indochina mwaka 1954. Seymour, aliyeshika urais baada yake, akauawa kwa risasi karibu na Suez mwaka 1956. Ushirika haukufa, na hata leo wanachama ndio wenye mali. Mgeni haingii kwa kulipa kiingilio. Huleta kazi zake mkutanoni zikapigiwa kura, kisha hukaa miaka kadhaa akitazamwa na wakubwa wake kabla ya kuwa mwanachama kamili. Nasikia mikutano yao ina makelele kuliko yetu, jambo ambalo ni vigumu kulisadiki.

Kwa upande wa sheria, mimi si mwanasheria. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, yazitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, bila kungoja ziandikishwe, na aliyepiga anayo haki ya kutajwa jina. Ugomvi mwingi hutokana na kukosa karatasi: picha ni za nani, zitatumiwa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine aweza kupewa. Hayo yote yaenea ukurasa mmoja. Sisi tusiokubali kutoa gunia bila stakabadhi tulipokea picha za siku nzima bila hata mstari mmoja.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yaruhusu watu kumi wenye ujuzi maalumu kuunda chama. Vijana wanaoshika kamera katika arusi na mahafali ya wilaya hii wapita kumi. Wakiungana wataweza kununua vyombo kwa shirika, kumlipa wakili mmoja kwa niaba ya wote, na anayeanza kazi atapata wa kumwelekeza. Nisingependa tuwaweke chini yetu. Tuwape chumba cha mkutano, na mhasibu wetu awafundishe kutunza vitabu vya hesabu, mengine watajiamulia.

Picha za kitabu hiki amezipiga kijana yule yule, kwa mkataba ulio ofisini, na jina lake li chini ya kila moja. Malipo ya zile za kalenda hatujamlipa bado. Jambo hilo limo katika ajenda ya leo, kipengele cha saba, nami naomba lisiahirishwe kama mwaka jana.