Karafuu ya Pemba na Somo la Bei

Mwanafunzi wa uchumi anayetaka kuelewa nguvu ya bei aanzie kisiwani Pemba, Zanzibar. Kwa miaka mingi, mkulima aliyechuma karafuu, akazichambua makonyo na kuzianika juani juu ya majamvi, alikuwa na mnunuzi mmoja tu wa halali: ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Huo ndio ukiritimba wa ununuzi.

Bei ya shirika ikiwa chini na ya Mombasa, Kenya, ikiwa juu, vyombo vilivuka usiku kupeleka karafuu huko kwa magendo.

Doria pekee hazikuyamaliza magendo hayo. Mwaka 2011 serikali ilimpandishia mkulima bei kwa kiwango kikubwa, na karafuu nyingi zikarudi kwenye vituo vya shirika. Walimu, fundisheni kwa mifano ya namna hii kabla ya kuchora grafu ubaoni.