DAWA YA POVU NA MTU ANAYEITIA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Wengi wetu tumeijua shaba ikiwa waya, na wakubwa wetu wa reli waliisafirisha kutoka Jinja hadi Mombasa. Lakini ilianzia Kilembe, Uganda, ambako mgodi ulifanya kazi tangu 1956 hadi mwanzo wa miaka ya 1980. Jiwe la huko lilikuwa na shaba kidogo tu, karibu sehemu 2 katika 100.

Jiwe husagwa likawa unga, likachanganywa na maji. Hapo ndipo dawa iitwayo zantheti hutiwa. Dawa hii ina kichwa na mkia. Kichwa kina salfa, nacho hushika madini yenye shaba na salfa; mchanga hakiushiki. Mkia ni wa namna ya mafuta, haupendi maji. Basi punje ya shaba iliyovaa dawa hiyo huwa kama sahani yenye mafuta. Hewa ikipulizwa toka chini, punje hujibandika kwenye povu na kupanda, nao mchanga uliolowa huzama. Makumi machache ya gramu hutosha tani nzima ya mawe!

Kilembe palikuwa pia na madini ya chuma na salfa, yenye kobalti ndani yake. Hayo nayo huipokea zantheti. Kinachoyazuia ni chokaa: ikitosha majini, dawa haiyashiki vema, yakabaki chini. Chokaa ikipungua, povu hupanda na yasiyotakiwa. Mtu asimamaye kando ya tangi huyatambua mengi kwa kulitazama povu tu. Je, huyo aandikwe kibarua asiye na ufundi kwa haki gani?

Sasa habari ya mapipa. Zantheti ikipata unyevu au joto huharibika na kutoa kaboni disalfaidi, mvuke unaodhuru mishipa ya fahamu na kushika moto upesi mno; hata bomba la moto laweza kuuwasha, pasipo cheche. Ikikutana na asidi ni haraka zaidi. Kwa hiyo tunadai pipa likae pakavu, penye kivuli na hewa. Anayelifungua apewe glavu, miwani na kinyago chenye kichujio cha mvuke, maana kitambaa cha puani hakizuii kitu. Na maandishi ya hatari yawe kwa lugha aisomayo yeye, si ya meneja peke yake.

Mwenye habari za mapipa ya kazini kwake amwone katibu wa tawi kabla hajaondoka.