Nani Amekataa? Mtenda wa Kitenzi katika Ofisi Isiyo na Jalada



Mada yangu huenda ikadhaniwa kuwa ni ya wenzetu wa biashara au wa kompyuta: namna ofisi zinavyozitoa kazi katika karatasi na kuzitia katika mifumo inayozisukuma yenyewe kutoka hatua hadi hatua. Nimeileta katika jukwaa hili kwa sababu mifumo hiyo husema na watu, na hapa kwetu mara nyingi husema nao kwa Kiswahili. Asemaye Kiswahili hana budi kuchagua kauli ya kitenzi.

Nianze na ofisi ya karatasi. Barua ya kuomba malipo ilipokewa masijala, ikagongwa muhuri, ikapewa namba ya folio na kuwekwa katika jalada. Jalada likapelekwa kwa mkuu wa idara, naye akaandika dokezo: “Mhasibu Mkuu, tafadhali soma folio ya 14. Naunga mkono.” Mhasibu akaandika chini yake: “Sikubaliani, fungu limekwisha,” akatia saini na tarehe. Siisifu ofisi hiyo. Jalada liliweza kulala juu ya meza ya mtu kwa wiki tatu, na likipotea, haki ya mwombaji ilipotea nalo. Ninachotaka mkitazame ni kiambishi nafsi, *na-* na *si-*. Kila uamuzi ulikuwa na mwenyewe.

Katika mtiririko wa kazi wa kidijitali, mwombaji hujaza fomu kwenye skrini. Mfumo hulinganisha kiasi na bajeti. Kiasi kikiwa kidogo ombi huenda kwa mkuu wa idara, kikizidi ukomo huenda kwa mkurugenzi, na mhusika asipojibu kwa siku zilizowekwa hukumbushwa, au ombi hupandishwa kwa aliye juu yake. Nchini Tanzania mwelekeo huu una nguvu ya sheria, yaani Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Kwa mwananchi wa kawaida, hata hivyo, mlango wa kwanza ulikuwa simu ya mkononi: M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, na neno “Imethibitishwa” likaingia mifukoni mwa mamilioni ya watu.

Nifungue mabano kidogo. Katika maelezo niliyotoa sasa hivi nimetumia *-ki-* mara mbili. Kiambishi hiki hubeba sharti na wakati kwa pamoja: “ombi likifika” ni *iwapo* litafika na pia ni *mara* litakapofika. Anayebuni mtiririko wa kazi lazima avitenganishe vitu hivyo, kwa kuwa tukio linaloamsha hatua si sawa na sharti linalochagua njia. Nimewahi kuona maelezo ya mfumo ambayo mwandishi alikusudia sharti, mwanaprogramu akasoma tukio. *Iwapo* na *mara tu* zingetosha.

Tatizo la upatanisho wa kisarufi linafahamika zaidi. Matini za programu hufasiriwa kama orodha ya vipande vilivyotengwa na muktadha wake. Mfasiri hupewa kipande chenye nafasi tupu, na baada yake “imeidhinishwa”. Nafasi ikijazwa *barua*, sentensi ni sahihi. Ikijazwa *ombi* au *malipo*, tunapata “Ombi imeidhinishwa” na “Malipo imeidhinishwa”. Msikilizaji wa Nairobi huenda asishtuke, maana mazungumzo ya mitaani huko yamekwisha kuipanua *i-* kwa vitu vingi visivyo na uhai. Katika Kiswahili sanifu ni kosa, na dawa yake ni kuandika sentensi kamili kwa kila nomino. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja tu.

Linalonikera zaidi ni la kauli. Miaka michache iliyopita niliomba kurejeshewa nauli ya safari ya kikazi katika taasisi ambayo sitaitaja. Jibu likaja: “Ombi limeshindikana.” Nilimwendea mhasibu, akaniambia mfumo umekataa. Fundi wa mfumo akasema mfumo haukatai, hufuata kanuni. Siku ya tatu ikabainika kwamba ofisa mmoja alikuwa amebofya kitufe cha kukataa kwa sababu stakabadhi ya pili haikusomeka. Cheo chake, tarehe na hata dakika vilikuwa vimehifadhiwa, vizuri kuliko jalada lolote. Kilichovificha ni kitenzi.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba “Kikombe kimevunjwa na mtoto” ni sentensi, na “Kikombe kimevunjika na mtoto” si sentensi. Kauli ya kutendwa humwachia mtenda nafasi hata asipotajwa, ukiambiwa “limekataliwa” una haki ya kisarufi ya kuuliza “na nani?” Kauli ya kutendeka huifunga nafasi hiyo, na *-ikan-* ya “shindikana” huifunga vivyo hivyo. Ombi langu lilisemwa kana kwamba lilikuwa mvua isiyonyesha.

Nitapingwa kwamba urasimu ulipenda “imeonekana” na “imeamuliwa” kabla ya kompyuta kufika. Ni kweli. Ila chini ya “imeamuliwa” palikuwa na saini ya mkono, na saini ilirudisha kile ambacho sarufi ilikiondoa. Kwenye skrini ya mwombaji hapana saini; sentensi imebaki peke yake.

Itakuwaje basi pale ambapo hakuna mtu aliyebofya kitu, ombi likazuiwa na kanuni tupu? Kiswahili kina njia yake hapa pia, nayo ni tofauti ya *na* na *kwa*: kikombe kimevunjwa *na* mtoto *kwa* nyundo. Mfumo ni nyundo. “Mfumo umekataa” huipandisha nyundo katika nafasi ya kiima na kumwondoa mtoto chumbani. Kanuni nayo iliwekwa na mtu, akaidhinisha ukomo wake. Kwa hiyo ujumbe ungeweza kusomeka hivi: “Ombi lako limezuiwa kwa kanuni ya ukomo wa safari, iliyowekwa na Mkurugenzi wa Fedha.” Na ule wangu ungesomeka: “Ombi lako la nauli limekataliwa na Mhasibu wa Safari. Stakabadhi ya pili haisomeki. Itume tena.” Taarifa zote zinazohitajika mfumo unazo tayari.

Nawaomba wanafunzi, kabla ya semina ya wiki ijayo, wafungue simu zao na kunakili kila ujumbe wa kukataliwa waliowahi kupokea kutoka benki, mitandao ya simu na ofisi za umma, kisha wavitenge vitenzi vyake kwa kauli. Tutaanzia hapo.